Kasti haifi kwa ufa, hufia kwenye kupoa

Wakubwa zangu, shikamooni. Mafundi wenzangu, habari za kazi. Na nyie vijana mlioshika grenda juzi tu, sogeeni mbele, msijifiche huko nyuma, maana mengi nitakayosema leo ni yenu.

Nimeombwa nizungumzie kuchomelea vipande vya mashine vya chuma cha kusubu vilivyopasuka: bloki za injini, makasha ya pampu na giaboksi, fremu za mashine za kusaga, vitanda vya mashine za kukerezea. Karakana tunaiita kasti, nami nitaiita hivyo hivyo.

Nianze na ubishi wetu wa kila siku. Wapo wanaosema kasti haichomeleki, ikipasuka ni ya kupeleka kwenye chuma chakavu. Hao wanakosea. Wapo wanaosema inachomeleka tu, chuma ni chuma. Hao wanakosea zaidi, na ndio wanaoharibu mali za watu. Mpe fundi hodari wa mageti elektrodi nzuri ya nikeli na kasha la pampu lililopasuka. Atakuwekea mchomo mzuri ajabu, umelala sawasawa, unang'aa. Wote mtamsifu. Baada ya dakika chache, vifaa vimeshawekwa chini na watu wameanza kunawa mikono, mtasikia "tik". Sauti ndogo tu. Mkiinama kutazama mtakuta ufa mpya umepita kando ya mchomo, milimita moja au mbili kutoka ukingoni, na umefuatana nao mwanzo hadi mwisho. Mchomo wenyewe mzima. Kilichopasuka ni kasti ya pembeni.

Basi hiyo "tik" ndiyo mada yangu. Ukiielewa inatoka wapi, kazi nusu umeimaliza, na mikono yako itafuata tu.

Tuingie ndani ya chuma chenyewe. Chuma laini tunachotengenezea mageti kina kaboni kidogo sana, kwa kawaida chini ya asilimia 0.3. Kasti ina kaboni kati ya asilimia 2.5 na 4, na silikoni asilimia 1 hadi 3. Kaboni nyingi kiasi hicho haiwezi kukaa yote ndani ya chuma kinapoganda, kwa hiyo sehemu kubwa hujitenga ikawa grafiti, ile ile iliyomo ndani ya penseli. Kwenye kasti ya kijivu, ambayo ndiyo imejaa kwenye mashine nyingi mnazozijua, grafiti hiyo imetawanyika kwa vibapa vyembamba vyenye ncha kali. Grafiti haina nguvu ya kushikilia kitu. Kwa hesabu ya nguvu, kila kibapa ni pengo dogo ndani ya chuma, na kila ncha yake ni mahali ambapo ufa unaweza kuanzia.

Ndiyo maana kasti huvumilia kugandamizwa mara tatu hadi nne ya inavyovumilia kuvutwa. Na ndiyo maana hairefuki. Chuma laini ukikivuta kinaweza kurefuka asilimia 20 na zaidi kabla hakijakatika; kinakupa taarifa. Kasti ya kijivu haifiki hata asilimia 1. Inakaa kimya, kisha inakatika.

Waliotutangulia walilijua hili bila hadubini. Daraja la Ironbridge kule Uingereza, lililosimamishwa mwaka 1779, ni la kasti tupu, na bado lipo. Walilijenga kwa umbo la tao ili uzito wote usukume vipande vikandamizane. Na kwa kuwa kuchomelea hakukuwepo, vipande waliviunga kwa ndimi na kabari, kazi ya kiseremala kabisa. Hawakuiomba kasti kitu isichoweza.

Sisi tukiwasha moto, tunaiomba. Mita moja ya kasti ukiipasha nyuzi 100 za Selsiasi hurefuka takriban milimita 1. Mnaona ni kidogo? Sasa fikirieni mahali penye upana wa kidole panayeyuka kwa nyuzi karibu 1,200, huku sentimita kumi pembeni unaweza kuweka kiganja. Pale penye moto panataka kutanuka, lakini pamezungukwa na chuma baridi kisichosogea. Panajibana. Moto ukiondoka panasinyaa, na panaposinyaa panavuta kila kilicho jirani. Chuma laini kingejinyoosha kidogo kikasamehe. Kasti haina cha kunyoosha. Ni glasi baridi iliyomiminiwa maji yanayochemka.

Hilo ni la kwanza. La pili liko kwenye ule mpaka, pale kasti na mchomo vinapokutana. Ukanda huo hupata moto mkali kiasi kwamba kaboni inarudi kuyeyuka ndani ya chuma. Kisha kipande kizima, kwa kuwa ni kikubwa na baridi, kinafyonza joto lile kwa sekunde. Kaboni haipati muda wa kujitenga tena ikawa grafiti. Inanaswa. Inatokea kabidi, yaani kaboni iliyofungamana na chuma ikawa ngumu kama jiwe, na chuma kigumu kinachovunjika vunjika. Ukijaribu kukitoboa, kekee inalia na haiingii. Kwa hiyo unao mvutano wa kusinyaa, na pembeni mwake unao ukanda mgumu usiojua kujinyoosha. Viweke pamoja, ongeza dakika chache za kupoa. Tik.

Sasa mnaelewa kwa nini nasema kazi yetu si kuziba ufa. Ufa tunauziba, sawa, lakini kazi yenyewe ni kutawala joto: linaingia wapi, linaenea vipi, linatoka kwa mwendo gani. Na ziko njia mbili za kweli. Ama upashe kipande chote kikawa cha moto na ukipoze polepole, ama ukiache baridi na usikiruhusu kabisa kipate moto. Mafundi wengi wanaoshindwa hawashindwi kwa sababu walichagua njia mbaya. Wanashindwa kwa sababu wamesimama katikati: wanachukua tochi ya gesi, wanapasha ufa wenyewe tu mpaka uwe mwekundu, wanachomelea mstari mrefu wa kwenda na kurudi, halafu wanakiacha kipande sakafuni upepo ukipita. Hapo umechukua hasara za njia zote mbili na hujapata faida ya hata moja.

Nisieleweke vibaya. Kupasha kipande kizima nyuzi 200 au 300, kisha ukatumia nikeli, ni njia halali na wengi wanaitumia vizuri, kwa sababu joto limeenea kote. Ninachokipinga ni kupasha mahali pamoja.

Tuanze na njia ya moto, nayo nitaipitia haraka kwa sababu wachache kati yetu wana tanuri. Kipande unakivua kila kitu: beringi, sili, bolti. Unakipasha chote, polepole, ndani ya tanuri au ndani ya boma la matofali lenye mkaa au moto wa gesi, mpaka kifike kati ya nyuzi 500 na 650. Usipite 760. Ukikaribia 790 muundo wa ndani unaanza kubadilika, na hilo hulitaki. Usitegemee rangi kwenye mwanga wa mchana, maana wekundu hafifu utakaouona kwenye giza hutauona juani. Tumia chaki za kupimia joto. Kisha unachomelea kwa gesi ya oksijeni na asetilini, kwa fimbo ya kasti na dawa yake, kipande kikiwa bado motoni. Ukimaliza unakirudishia joto likae sawa kote, unakizika kwenye majivu makavu, mchanga mkavu au chokaa, na unakiacha. Kikubwa kinaweza kulala humo usiku kucha na zaidi. Atakayekifukua asubuhi kuangalia kama kimeshapoa, mfukuzeni karakana.

Faida yake ni kubwa: mahali palipoungwa panafanana na kasti yenyewe kwa rangi na kwa ulaini, unaweza kupakereza bila shida. Hasara ni kwamba sehemu zilizokerezwa kwa vipimo hupinda au kuota magamba, kwa hiyo lazima zikerezwe upya. Kwa bloki ya injini yenye silinda zilizokwisha pimwa, hesabu hiyo fanya kabla hujawasha moto.

Njia ya baridi ndiyo ya wengi wetu, na hapo nataka nikae.

Kwanza hakikisha unachokishika. Piga ukingo kwa patasi: chuma laini kinatoa unyuzi unaojikunja, kasti ya kijivu inatoa chembe na vumbi jeusi linalochafua vidole. Kwenye grenda cheche zake ni fupi, za wekundu hafifu. Tazama na pale palipovunjika. Pakiwa pa kijivu, endelea. Pakiwa peupe panang'aa, hiyo ni kasti nyeupe, kaboni yake yote imefungwa kwenye kabidi, na utaikuta zaidi kwenye vipande vya kusagia na kupondea. Hiyo iache, usijisumbue. Ipo na kasti yenye grafiti ya vidonge badala ya vibapa, inayopatikana kwa kutia magnesi kwenye chuma kilichoyeyuka; ilikuja miaka ya 1940. Hiyo inarefuka, inavumilia, na ukiigonga inalia karibu na chuma cha kawaida. Ukiikuta, shukuru.

Kisha usafi, na hapa wengi huchoka mapema. Kasti hunywa mafuta. Kasha la giaboksi lililokaa ndani ya oili kwa miaka mingi, oili imeingia mpaka kwenye vibapa vya grafiti. Kufuta juu kwa kitambaa hakutoshi. Lipashe joto la kuenea, karibu nyuzi 400, utaona oili inatoka jasho juu ya chuma na moshi unapanda. Futa, rudia, mpaka iache. Hata hivyo mchomo wa kwanza unaweza kujaa vitundu. Usiufunike kwa wa pili. Usage wote utoke, uanze upya, kwa sababu ule wa kwanza umekufyonzea uchafu na sasa chini yake ni pasafi.

Na hapa nasimama kidogo kwa jambo la uhai. Usisafishe kipande kwa dawa za kuondolea grisi zenye klorini halafu ukawasha mashine. Mvuke wake ukikutana na moto na mwanga wa cheche unaweza kugeuka fosijeni, gesi ya sumu iliyoua watu kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia. Soma lebo ya kopo. Na kipande chenye uvungu uliofungwa kitoboe kwanza, hewa iliyonaswa ndani ipate pa kutokea.

Sasa tafuta ufa unaishia wapi. Kwa jicho tupu utadanganyika. Zipo dawa za rangi za kupuliza, lakini mafuta ya taa na chaki hazijawahi kushindwa na mtu mwenye subira. Paka mafuta ya taa juu ya ufa, yaache yazame. Futa kabisa, pakauke. Kisha paka unga wa chaki, tabaka jembamba, peupe pote. Usiguse, tazama tu. Kwa muda hakuna kitu. Halafu mstari unaanza kujichora wenyewe, mwembamba, wa kijivu, mafuta yakipanda kutoka ndani ya ufa kuja kwenye chaki. Unafuata mstari ule unaona umepita pale ulipodhani umeishia, umezunguka tundu la bolti, umeingia chini ya mbavu. Hapo ndipo mwisho wa kweli.

Toboa kila mwisho, kekee ya milimita 3 mpaka 5, na uvuke kidogo mbele ya mwisho unaouona. Tundu la duara halina ncha, na ufa bila ncha hauendi. Ukiruka hatua hii, joto la mchomo wako litausukuma ufa mbele huku wewe unashughulika nyuma.

Kisha chimba mfereji wa V, mpana kiasi cha nyuzi 60 hadi 80 za pembe, usio na kona kali. Kwenye kipande kinene acha milimita mbili tatu chini zishikane, zisaidie vipande kukaa kwenye mstari wake. Grenda ni ya haraka, lakini ina kosa lake: inaipaka grafiti juu ya chuma, na mchomo unakataa kushika, unajikusanya vidonge vidonge. Malizia kwa tupa au patasi. Mfereji ukishakatwa kwa makali unaonekana tofauti na uliosagwa, mtauona wenyewe.

Tuseme sasa elektrodi. Kwa nini nikeli? Kwanza ni laini, inakubali kunyooka, kwa hiyo kusinyaa kunapovuta inajinyoosha yenyewe badala ya kuivuta kasti. Pili, nikeli haiifungi kaboni kuwa kabidi. Kaboni inayoingia kwenye mchomo inajitenga kuwa grafiti, na grafiti inachukua nafasi, kwa hiyo mchomo unavimba kidogo wakati huo huo unaposinyaa. Mvutano unapungua. Hiyo ni zawadi ambayo chuma cha kawaida hakikupi. Ya nikeli karibu tupu, asilimia 99, inakubali kutobolewa na kukerezwa vizuri, na inafaa vipande vyembamba. Ya nikeli asilimia 55 na iliyobaki chuma ni imara zaidi na hutanuka kidogo kuliko hiyo ya kwanza, kwa hiyo mimi naichukua kwa vipande vinene, kwa kasti yenye fosforasi nyingi, na ninapounga kasti na chuma laini. Elektrodi za chuma cha kawaida ziepuke. Mchomo wake hunyonya kaboni ukawa mgumu wa kushinda tupa. Najua nikeli ni ghali. Kipande kilichopasuka mara ya pili ni ghali zaidi, na mteja hatakuja na cha tatu.

Sasa kuchomelea kwenyewe, ambako vijana ndiko mlikuwa mnakusubiri, na mtaona ni kufupi. Kipande kiwe na uvuguvugu tu, nyuzi 40 hivi, kisiwe na unyevu. Elektrodi nyembamba, ya milimita 2.5 tumia kadiri ya ampea 60 hadi 80, na usome pakiti. Weka mstari wa milimita 25. Usipunge mkono kulia na kushoto, nenda moja kwa moja. Zima. Kabla hujapumua, mchomo ukiwa bado wa moto, ugongegonge kwa nyundo ya kichwa cha mviringo, mapigo mepesi mengi, mpaka uone alama za mistari ya mchomo zimefutika na uso umekuwa na vishimo vishimo. Unachofanya pale ni kuutanua mchomo wakati unataka kusinyaa. Usipige kwa hasira, hujaja kulipiza kisasi.

Kisha subiri. Weka kiganja karibu na mchomo. Ukiweza kukiacha pale bila kukiondoa, weka mstari mwingine, lakini si mbele ya ule wa kwanza. Nenda upande mwingine wa ufa, pale palipo baridi. Rudi baadaye kujaza katikati. Ufa unaotokea ukingoni mwa kipande, anzia ndani kwenye lile tundu uelekee ukingoni, ili sehemu iliyo huru iwe ya mwisho kufungwa. Kwa kipande kinene, paka kwanza kuta mbili za mfereji, kila ukuta peke yake, nikeli ikashika kasti bila kuvutana na upande wa pili. Kisha ndipo uunge nikeli kwa nikeli. Zima kila mstari kwa kurudi nyuma kidogo juu ya mchomo uliokwisha weka, usiache shimo mwishoni, maana shimo lile ni mwanzo wa ufa.

Ufa wa urefu wa kiganja unaweza kukula nusu siku kwa mtindo huu. Mteja amesimama mlangoni anauliza kama umeanza. Mwache aulize. Usipulize hewa ya kompresa ili ipoe haraka, usiguse maji, usiweke feni. Ukiharakisha kupoa umerudi kule kwenye ukanda mgumu, na kazi yote umeifanya bure.

Kwa vipande vinene vinavyobeba mzigo, nikeli peke yake haitoshi, kwa kuwa ule mpaka kati ya mchomo na kasti ndio udhaifu wako. Hapo tunatoboa kuta za mfereji, tunakata nyuzi za skrubu, na kukaza vipande vya bolti za chuma vikitokeza kidogo, halafu tunachomelea kuvizunguka. Mzigo unashuka mpaka ndani ya kasti kupitia zile skrubu. Mbinu hii si ngeni. Mwaka 1917, Marekani ilipoingia Vita vya Kwanza vya Dunia, ilizichukua meli za Ujerumani zilizokuwa zimezuiliwa kwenye bandari zake, na ikakuta mabaharia wameshazihujumu: silinda za kasti za injini za mvuke zimevunjwa makusudi. Walichagua kuvunja kasti kwa hesabu nzuri tu. Silinda mpya za ukubwa ule zingechukua muda mrefu kusubu na kukereza, na wengi waliamini kasti ikivunjika imevunjika. Jeshi la majini la Marekani liliziunga kwa umeme, skrubu zikakazwa kingoni na viraka vikachomelewa, nyingine zikashikwa kwa viraka vya bolti tu. Meli zikavuka bahari zikiwa zimebeba askari kabla vita havijaisha. Nikisikia fundi wa leo, mwenye elektrodi ya nikeli mkononi, anasema haiwezekani, huwa nawakumbuka wale jamaa.

Lakini ipo kazi ya kukataa, na kukataa nako ni ufundi. Gurudumu zito la kasti linalozunguka kwa kasi, sikubali kulichomelea. Likipasuka linatoka vipande, na vipande havichagui mtu. Ndoano za kunyanyulia, vipande vya breki, vyombo vya mvuke vyenye shinikizo: hapana. Na kasti iliyoungua, kwa mfano mabomba ya moshi ya injini na wavu wa majiko ya viwandani, mara nyingi imekwisha. Miaka ya moto imepeleka kutu ndani kwa kufuata vibapa vya grafiti, na ukiweka mchomo unadondoka kama ulivyo. Jaribu kipande kidogo kwanza. Kikikataa, mwambie mwenyewe ukweli.

Tena si kila ufa unahitaji cheche. Kuunga kwa shaba, kwa tochi ya gesi, ni njia ya heshima ambayo vijana wanaidharau bila sababu. Kasti haiyeyuki, shaba inashika kwa nyuzi karibu 900, na ule ukanda mgumu unapungua sana. Usiitumie tu mahali panapozidi nyuzi 250 kazini, na ujue kwamba atakayetaka kupachomelea kwa umeme baadaye atalazimika kuiondoa shaba yote. Kwa bloki kubwa, hasa za injini za meli, ipo njia ya kushona: unatoboa matundu kukatisha ufa, unapigilia ndani yake vipande vya chuma vya kushikilia pande mbili, tunaviita funguo, kisha unajaza ufa wenyewe kwa skrubu zinazopandana, kila moja ikiikata kidogo ile ya kabla yake. Hakuna moto hata kidogo, hakuna kupinda. Ni kazi ya taratibu kuliko hata ya nikeli, na mimi kwa bloki yenye kuta nyembamba karibu na silinda naipendelea.

Ipo hila moja nataka niwaachie kabla sijafika mwisho, kwa sababu inaonyesha joto linavyoweza kukufanyia kazi badala ya kukupinga. Puli kubwa ya kasti imevunjika mkono mmoja kati ya ile inayounganisha kitovu na ukingo. Ukiuchomelea ulivyo, mkono unasinyaa, ukingo na kitovu haviusogelei, na unakatika palepale au jirani. Sasa badala ya kupasha mkono, pasha ukingo wa nje, pande zote mbili za mkono ule. Ukingo unatanuka, unavuta, na ufa unajifungua mbele ya macho yako, mwanya unaouona. Chomelea hapo. Ukingo na mkono vinapoa pamoja, vinasinyaa pamoja, na mkono unabaki bila kuvutwa. Nilisema msipashe mahali pamoja. Hapa unapasha mahali pamoja kwa makusudi, na unajua kwa nini.

Ukimaliza, usikabidhi siku hiyo hiyo. Kiache kipande kilale. Rudia mafuta ya taa na chaki, kando za mchomo zaidi kuliko juu yake. Kama ni sehemu ya maji ya injini, jaza maji ya uvuguvugu, weka shinikizo dogo, na utazame kama panatoka jasho.

Na kabla hujafunga mashine, uliza ufa ulitoka wapi. Maji yaliganda ndani? Injini ilichemka mtu akaimiminia maji baridi? Beringi ilikwama? Kwa makasha ya pampu na giaboksi mimi naanza na miguu. Mashine ikikaa juu ya msingi usio sawa, mguu mmoja unaelea, fundi anakaza bolti mpaka ukae, na kasti inakaa imepinda siku zote. Kwa hiyo kaza bolti zote, kisha legeza moja tu na utazame mguu wake kwa dayo geji, ile saa ya kupimia mwendo mdogo sana. Ukinyanyuka zaidi ya sehemu tano za mia za milimita, weka kipande chembamba cha bati chini yake. Kaza, nenda mguu wa pili, halafu wa tatu, na wa nne. Ukikuta mguu ulionyanyuka ni ule ule uliokuwa na ufa, umeshapata jibu, na mteja naye amepata cha kulipia.

Nimewachosha. Karibuni maswali, na mwenye kipande cha kuleta mezani akilete.